Kura ya Walioondolewa

Katika mjadala mmoja wa hadhara hapa Mombasa, muda mfupi baada ya Uingereza na Mauritius kutia saini mkataba wa visiwa vya Chagos Mei 2025, mwanasheria mmoja alisema jambo ambalo limenikaa kooni hadi leo. Tulikuwa tunauliza kwa nini Wachagosi wenyewe, waliofukuzwa kwao kati ya 1968 na 1973, hawakupewa kiti kwenye mazungumzo. Akajibu kwa utulivu kwamba mazungumzo yale ni ya madola, na kwamba watu waliokwisha kuondoka mahali hawawezi kuwa na kauli juu ya mahali hapo. Nikamtajia Banaba, kisiwa cha Pasifiki, nikidhani mfano huo utamfanya asite. Hakusita. "Hao nao walihama," akasema, "tena walipiga kura." Watu wakatikisa vichwa kumkubali, mjadala ukasonga mbele.

Naandika kwa sababu ya jibu hilo. Ni jibu la mtu aliyesoma, limenyooka, na lina ukweli kidogo ndani yake, na kwa hiyo madhara yake ni makubwa kuliko ya uongo mtupu.

Haki ya watu kujiamulia mambo yao haihitaji kufafanuliwa upya. Azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1960, linasema watu wote wana haki hiyo, na aya ya sita ya azimio lilo hilo inakataza kumega nchi. Tuyapokee yote mawili kama yalivyo. Ninachokitafuta kiko nyuma yake. Kabla kura haijahesabiwa, lazima mtu awe ameshaamua nani atahesabiwa pamoja na nani. Walio wengi hawawezi kupiga kura ya kuamua kwamba wao ndio wengi, maana kura hiyo nayo ingetaka daftari la wapiga kura, na daftari haliandikwi na kura. Kila uhuru, basi, umesimama juu ya mpaka ambao hakuna aliyeupigia kura. Katika nchi nyingi muda huufunika mpaka huo: watu wakaoana, wakazikana, wakausahau. Kwa Kiribati, iliyokuwa visiwa vya Gilbert, haikuwa hivyo: ilipata uhuru tarehe 12 Julai 1979 huku jamii nzima, Wabanaba, ikisema waziwazi kwamba haimo.

Banaba ni mwamba ulioinuka peke yake baharini, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tarawa, makao ya serikali ya Kiribati, na ukubwa wake ni kilomita za mraba sita hivi. Mwaka 1900 Albert Ellis, mtumishi wa Pacific Islands Company, alifika huko na karatasi. Karatasi hiyo iliipa kampuni haki ya kuchimba fosfeti kwa miaka 999 kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka, na aliyeiwekea alama kwa upande wa wenyeji aliandikwa kuwa ni mfalme wa kisiwa. Banaba haikuwa na mfalme. Ardhi ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, kila kipande na mwenyewe, na hapakuwa na mtu mmoja wa kuweza kuitoa yote. Uingereza ikakitwaa kisiwa, ikahamishia huko makao makuu ya utawala wa visiwa vya Gilbert na Ellice, na mwaka 1916 kikawa sehemu ya koloni hilo rasmi. Huo ndio mpaka wenyewe. Uliandikwa ofisini kwa ajili ya mawe yenye thamani, na hakuna Mbanaba aliyeulizwa.

Mwaka 1920 serikali za Uingereza, Australia na New Zealand zilinunua shughuli zote za kampuni, za Banaba na za Nauru, kwa pauni milioni tatu na nusu, zikaunda shirika lao, British Phosphate Commissioners. Tangu hapo fosfeti ikawa inawafikia wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei ya gharama tu, chini ya bei ya soko. Wabanaba walipokataa kutoa ardhi zaidi, Arthur Grimble, mkuu wa utawala wa koloni, aliwaandikia watu wa kijiji cha Buakonikai barua ya vitisho, mwaka 1928, kwa lugha yao wenyewe, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa: wasipotia saini, ardhi itachukuliwa kwa lazima, na kijiji chao nacho hakitasalimika. Ilichukuliwa kwa lazima, mwaka 1931. Grimble huyo ndiye aliyekuja kuandika *A Pattern of Islands*, kitabu kilichopendwa mno Uingereza kwa jinsi kinavyowasimulia watu wa visiwa vile kwa upole. Katika miaka ya 1970, yeye akiwa kaburini, barua yake ilisomwa mahakamani London.

Jumla ya fosfeti iliyotoka Banaba kwa miaka 80 ilipita tani milioni 20. Karibu uso wote wa kisiwa ulichimbwa ukaondoka, ukabaki msitu wa nguzo za mawe yaliyochongoka ambako hata mbuzi hapati pa kusimama.

Sasa tuje kwenye uhuru. Koloni la Gilbert na Ellice lilikuwa na jamii mbili za wachache zilizotaka kutoka. Ya kwanza ni watu wa Ellice, Wapolinesia, waliohofia kumezwa na Wagilbert walio wengi katika ajira za serikali na katika bunge lijalo. Waliruhusiwa kupiga kura mwaka 1974: watu 3,799 walitaka kujitenga, 293 hawakutaka. Wakatoka, na tarehe 1 Oktoba 1978 wakawa taifa la Tuvalu. Walitoka na meli moja. Sharti la kutoka lilikuwa wasidai chochote katika mapato ya fosfeti, wala katika visiwa vya Line na Phoenix.

Jamii ya pili ni Wabanaba. Hao nao waliomba kisiwa chao kitenganishwe, wawe huru au waungane na Fiji, walikokwisha kuhamishiwa, kwa namna watakayokubaliana. Wakaambiwa haiwezekani, mipaka ya koloni haichezewi. Hebu litazameni hilo. Mwezi huu mpaka unafumuliwa kwa kura na unashonwa upya kwa amani, mwezi ujao mpaka uleule ni mtakatifu. Kanuni ilikuwa moja, koloni lilikuwa moja, mtawala alikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa chini ya ardhi. Ellice haikuwa na kitu, ikaachwa iende na meli yake. Fosfeti ya Banaba ilikuwa inaleta karibu nusu ya mapato ya serikali ya Tarawa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, mgawanyo ambao Wabanaba walikuwa wakiulalamikia ulikuwa asilimia 85 kwa koloni na asilimia 15 kwao.

Hivyo haki ya kujitenga ilipimwa kwa kile ambacho anayeondoka angekichukua. Nikiwa mkali, niseme hivi: wachache wanaruhusiwa kuondoka mradi waondoke mikono mitupu.

Mkutano wa katiba ulifanyika London mwishoni mwa 1978, na suala la Banaba ndilo lililoutia joto. Ujumbe wa Wabanaba ulitoka nje. Bungeni Uingereza walikuwa na mtetezi, Sir Bernard Braine, aliyewapigania hadi mwisho, na Ratu Sir Kamisese Mara wa Fiji alijaribu kuwapatanisha na Tarawa. Haikufaa. Ila mzozo wenyewe uliacha alama kwenye uhuru wa nchi, tena alama iliyoandikwa. Sura ya tisa ya katiba ya Kiribati inahusu Banaba na Wabanaba peke yake: kila Mbanaba ana haki isiyoondosheka ya kuingia na kukaa kisiwani, na kiti kimoja bungeni ni cha mjumbe anayeteuliwa na baraza la Rabi, kisiwa kilichoko Fiji wanakoishi wengi wao. Taifa limezaliwa likiwa na mbunge anayetumwa kutoka nchi nyingine.

Sisi watu wa Mwambao tunaujua mtindo huu wa kuandikiwa sura. Mwaka 1963 ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar uliingizwa Kenya, na waliokuwa wakidai Mwambao uwe na njia yake wakapewa ahadi. Mahakama za kadhi zilizomo katika katiba yetu mpaka leo ni tunda la makubaliano hayo ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Sizidharau. Ahadi iliyoandikwa ni bora kuliko isiyoandikwa. Lakini sura ya katiba wanayopewa wachache badala ya kauli yao hukaa mikononi mwa watu wengine. Serikali ya Fiji ilipolivunja baraza la Rabi mwaka 2013 na kuweka msimamizi, kiti cha Wabanaba katika bunge la Kiribati kikawa kinategemea uamuzi wa serikali ambayo katiba ya Kiribati haiitaji popote kuwa mwenye kauli juu yake.

Nije kwa wapinzani.

Wapo wanaosema Banaba ni ndogo mno kuwa nchi. Nauru, iliyo karibu nayo na iliyochimbwa na shirika lilelile, ilipata uhuru 1968. Wapo wanaosema ukimwachia mmoja atoke, kila kisiwa kitadai kutoka. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo iliyowafanya wakuu wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 waikumbatie mipaka waliyoachiwa na wakoloni. Na wapo wanaosema Wagilbert nao walikuwa maskini, watu wa visiwa vya mchanga visivyoota kitu ila mnazi na mkadi, na kwamba Ieremia Tabai, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30 alipokuwa rais wa kwanza, hakuwa na nchi ya kuongoza bila fosfeti. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na wala siwezi kuipangua.

Lakini hii ya kwamba "walihama"! Hii siwezi kuiacha ipite.

Tuanze na nani alimhamisha nani. Mwaka 1942, vita vilipokuwa vimeanza Pasifiki, serikali ya koloni ilitumia fedha za Wabanaba wenyewe, pauni 25,000, kununua kisiwa cha Rabi huko Fiji kutoka kwa kampuni ya mashamba ya minazi ya Lever's. Wazo la kuwapatia Wabanaba makao mengine lilikuwa limezungumzwa muda mrefu, kwa sababu kila aliyeyaona machimbo alijua yanaelekea wapi. Agosti mwaka huohuo Wajapani wakaiteka Banaba. Wakawatawanya watu: wengine Tarawa, wengine Nauru, wengine Kosrae. Wanaume wapatao 150 waliobakizwa kufanya kazi waliuawa Agosti 1945, baada ya Japani kusalimu amri. Akapona mmoja, Kabunare, akajificha hadi aliposikia kwamba vita vimekwisha.

Waingereza waliwakusanya Wabanaba kutoka walikotawanywa. Hawakuwarudisha kwao. Waliwaambia vijiji vyao vimeharibiwa na hapakaliki, wakawapandisha meli iliyoitwa Triona, wakawateremsha Rabi tarehe 15 Desemba 1945, watu 1,003, wakiwemo Wagilbert mia tatu hivi waliokuwa ndugu, wake na waume wa Wabanaba. Walipewa mahema na chakula cha miezi miwili. Desemba ndiyo mwezi ambao msimu wa vimbunga huwa umekwisha kuanza Fiji. Watu waliotoka kisiwa cha joto la ikweta, wengi wao wamedhoofishwa na vita, walianza maisha mapya katika mahema yanayovuja, juu ya kisiwa chenye milima na ng'ombe wa shamba lililoachwa. Wazee na watoto walikufa. Kisha machimbo ya Banaba yakafunguliwa tena, na safari hii pasipo mwenyeji wa kuwasumbua wachimbaji.

Huko ndiko "kuhama" kwenyewe.

Na kura? Ilikuwapo. Mwaka 1947 Wabanaba walipiga kura ya siri, wabaki Rabi au warudi Banaba, na takriban asilimia 85 wakachagua kubaki. Mwanasheria yule alikuwa sahihi kuhusu kura. Alichokiacha ni kwamba kura ile ilikwenda pamoja na tamko la serikali kuwa kuamua kuishi Rabi hakutagusa haki zao za ardhi huko Banaba. Waliulizwa watalala wapi. Hawakuulizwa kama wanaacha kuwa wenyewe wa kisiwa chao, na waliambiwa kwa maandishi kwamba hawakiachi. Miaka 30 baadaye jibu la swali la kwanza likatumika kama jibu la swali la pili.

Naomba nilikazie hilo, maana ndiko falsafa ilikojificha. Mtu akichoma nyumba yako, akakupeleka kwenye nyumba nyingine, kisha akakuuliza kama unapendelea kulala huku ndani au kwenye majivu, ukasema huku ndani, umechagua. Uchaguzi wako ni wa kweli, wala hukuwa umelewa. Lakini hauwezi kumpa yeye hati ya kiwanja. Ridhaa ina mipaka ya swali lililoulizwa, na ina mipaka ya mazingira ambayo muulizaji mwenyewe aliyatengeneza. Siamini kuna mtu wa kawaida asiyelijua hili katika mambo ya ndoa, ya biashara au ya mirathi. Tukifika kwenye mambo ya madola tunajifanya hatulijui.

Tena, tuseme basi waliondoka kwa hiari. Tuseme kila mmoja alipanda meli akiimba. Bado sielewi kwa nini kutokuwapo mahali kunamnyang'anya mtu haki yake na mwingine hapana. Wale makamishna wa fosfeti walikuwa na ofisi yao Melbourne. Wakulima walioneemeka walikuwa Waikato na Victoria. Mawaziri walioamua hatima ya kisiwa walikuwa London, na wengi wao hawakukanyaga Banaba maisha yao yote. Hakuna aliyewaambia kwamba umbali umewaondolea sauti. Haki ya kampuni iliweza kusafiri, ikauzwa, ikarithiwa, ikavuka bahari na kubaki haki. Haki ya mwenye ardhi peke yake ndiyo inayoambiwa ikae mahali pamoja, na ikisogezwa tu, imekwisha.

Na hoja hii ina ubaya mwingine, ambao kwangu ni mkubwa zaidi: inamlipa aliyeondoa watu. Ikiwa aliyeondolewa hupoteza kauli, basi mwenye kutaka ardhi ya mtu hana haja ya kubishana naye, anamwondoa tu kisha anasubiri. Kadiri anavyomwondoa mapema na kumpeleka mbali, ndivyo hoja yake inavyopata nguvu. Nimeisikia ikisemwa juu ya Chagos, nimeisikia juu ya watu waliohamishwa kupisha mbuga na mabwawa, na kila mara husemwa na mtu ambaye hajaona kwamba ameipa dhuluma muda wa kukomaa ikawa haki.

Kuna jambo moja ambalo nikiifikiria Banaba sipiti bila kulisimamia, ijapokuwa halimalizi ubishi wowote. Kisiwa hakina mto wala kisima. Chini ya mwamba kuna mapango, yanaitwa *bangabanga*, ambamo maji ya mvua hujikusanya. Waliokuwa wakishuka humo ni wanawake peke yao. Mwanamume hakuruhusiwa. Walitambaa gizani kwa mienge, katika njia nyembamba za mawe, wakateka maji kwa vifuu, wakajua pango lipi linashika maji mwaka wa kiangazi na lipi linakauka mapema. Katika ukame wa miaka ya 1870, uliokaribia kuwamaliza watu wa kisiwa, elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya kufa na kupona. Machimbo yakayaziba na kuyachafua mengi ya mapango hayo. Kampuni ikaleta mitambo yake ya kupata maji, na kizazi kilichozaliwa Rabi, penye vijito, hakikuwa na sababu ya kujifunza kutambaa. Miaka ya karibuni, mashine za kuchuja chumvi zilipoharibika Banaba, watu mia tatu hivi wanaoishi huko walishikwa na kiu halisi, juu ya mwamba ambao mababu zao wa kike waliweza kukinywesha kijiji kutoka ndani yake.

Tunapozungumza mamlaka juu ya nchi tunafikiria bendera, kiti cha Umoja wa Mataifa, mipaka ya bahari. Mimi hufikiria mwanamke yule na mwenge wake. Yeye alikuwa na mamlaka juu ya Banaba kwa namna ambayo Tarawa haikuwa nayo, wala London. Sijui hakimu gani angeweza kuipima, na siamini kwamba kwa kuwa haipimiki haikuwapo.

Hakimu Wabanaba walimpata, kwa kweli. Kesi waliyoifungua dhidi ya serikali ya Uingereza ilisikilizwa London kwa zaidi ya siku 200, ikawa miongoni mwa kesi ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza, na Sir Robert Megarry alisafiri hadi Rabi na Banaba kujionea mwenyewe. Uamuzi wake wa mwaka 1976 haukuificha aibu ya serikali. Alisema tu kwamba wajibu wa Taji la Uingereza kwa Wabanaba ulikuwa wajibu wa kiserikali, si wa aina ambayo mahakama inaweza kuushurutisha. Baadaye serikali tatu zikatoa dola milioni 10 za Australia kwa hisani, pasipo kukiri deni, na Wabanaba, wakiwa wamechoka, hatimaye wakazipokea. Yule aliyekula fosfeti kwa miaka 80 akawa sasa anakaa kati ya maskini wawili, Mgilbert na Mbanaba, akiwasihi wapatane. Mdaiwa akageuka mwamuzi. Ugomvi ukaitwa ugomvi wa wengi na wachache. Na mwaka uleule wa uhuru, 1979, uchimbaji ukakoma kwa sababu fosfeti ilikuwa imekwisha. Tarawa iliupigania mpaka ule kwa nguvu zote, ikaupata, na ndani yake mlikuwa na shimo.

Ndiyo maana siwezi kuwaonea Wakiribati, na ndiyo maana jibu la "walihama" linanitisha kwa ajili yao pia. Mwaka 2014 serikali yao, chini ya rais Anote Tong, ilikamilisha ununuzi wa shamba la Natoavatu katika kisiwa cha Vanua Levu, Fiji, kiasi cha kilomita za mraba 20, kwa kuwa bahari inapanda na visiwa vyao viko mita chache tu juu yake. Rabi iko jirani tu na Vanua Levu. Tuvalu, ndugu yao aliyetoka na meli moja, iliandika katika katiba yake mpya ya 2023 kwamba dola lake litaendelea kuwapo hata ardhi yake ikizama. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini ni hoja ya Banaba hiyo: kwamba watu wanaweza kuishi Fiji, wakazaa na kuzikana Fiji, na bado wawe wenyewe wa kisiwa kilicho mbali kwa zaidi ya kilomita 2,000. Iliyokataliwa London 1978 leo inaandikwa kwenye katiba. Siku Wakiribati watakapoihitaji, atatokea mtu kwenye mjadala fulani, msomi, mtulivu, awaambie kwamba walihama, tena walinunua shamba wenyewe.

Wala sidhani kwamba ukiirudisha kauli kwa Wabanaba mambo yananyooka. Rabi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Wafiji wa Rabi walishindwa vitani katika karne ya 19, kisiwa chao kikauzwa kwa wazungu, na wazao wao wako Taveuni, ng'ambo ya maji tu, hawajasahau. Ardhi waliyopewa Wabanaba kama fidia ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kutoka kwa wachache wengine. Kila nililosema juu ya kutokuwapo kutomnyang'anya mtu haki, mzee wa Taveuni anaweza kulichukua na kunisomea, na sina cha kumjibu ila kwamba amesema kweli.

Hata daftari la Banaba lenyewe lina utata. Wapo walioko Rabi, ambao ni wengi, na wengi wao hawajawahi kukiona kisiwa. Wapo walioko Suva na Auckland. Wapo mia tatu wanaoishi kisiwani sasa, wengine wenye damu ya wafanyakazi wa Kigilbert waliokuja kuchimba, na ambao ndio wanaokunywa maji yake mabaya kila siku. Mwaka 2023 kampuni moja ya Australia ilionyesha nia ya kurudi kutafuta fosfeti iliyobaki kati ya zile nguzo za mawe, na Wabanaba wengi wakapaza sauti kupinga. Tuseme wale wa kisiwani wangesema ndiyo, kwa kuwa wanahitaji kazi na meli ya mara kwa mara, na wale wa Rabi wangesema hapana, kwa kuwa wanakumbuka. Kampuni ingepaswa kumsikiliza nani? Wizara ya Tarawa ina jibu lake, na watu wa Rabi wana lao. Langu mimi ni kwamba pande zote mbili zihesabiwe, lakini kila nikikaa kuandika ni kwa uzito gani, kwamba kauli ya aliyebaki iwe na thamani gani mbele ya kauli ya aliyeondolewa, najikuta nimeishika kalamu ileile ya mwaka 1916, nachora mstari, na kuna mtu nje ya mstari ambaye sikumuuliza.